"Au" katika Kifungu cha 296: Mahakama Zinavyosoma Sheria ya Wizi wa Mabavu

Mabibi na mabwana, tuanze na sheria yenyewe: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 296. Kifungu kidogo cha (1) kinampa mnyang'anyi kifungo cha miaka 14. Cha (2) kinatamka kifo endapo mkosaji ana silaha ya hatari, au yuko pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au wakati wa unyang'anyi, muda mfupi kabla yake au baada yake, amejeruhi, amepiga au ametumia nguvu nyingine dhidi ya mtu. (Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu ya kifo bado ipo vitabuni.)

Je, mambo hayo matatu lazima yatimie yote? Mahakama ya Rufaa ilijibu mwaka 1985 katika Oluoch dhidi ya Jamhuri: moja latosha. Bunge liliandika "au", halikuandika "na". Basi wawili wakimkaba mpita njia na kumpokonya simu, hata kama hawana wembe, wameingia kwenye kifungu cha kifo kwa sababu tu ni wawili.

Hapo mawakili chipukizi hukimbilia kanuni kwamba shaka humnufaisha mshtakiwa. Wanaanzia mwisho. Hakimu hutangulia na maana ya kawaida ya maneno. Akikwama, husoma kifungu kizima pamoja na majirani zake na fasili zilizomo, kisha hutazama sheria ilitungwa kuzuia nini. Zikibaki maana mbili, kila moja ina mashiko, ndipo huchukua iliyo nyepesi kwa mshtakiwa. "Au" ile haikufika huko. Ni kali, ndiyo, lakini ukali si utata.

Penye kazi zaidi ni "nguvu nyingine". Maneno ya jumla yakifuata orodha husomwa kwa jinsi ya orodha hiyo. Na kujeruhi na kupiga ni vitendo vya mwilini. Tena kifungu cha 295, kinachoeleza unyang'anyi ni nini, kinataja vitisho waziwazi. Mtunga sheria akivitaja pale na kuviacha hapa, huchukuliwa kuwa amekusudia. Kwa hiyo mtu aliyekuwa peke yake, mikono mitupu, akatisha kwa mdomo tu, hoja yangu ni kwamba anabaki kwenye miaka 14.

Tanzania iliunga sentensi yake kwa namna nyingine. Kifungu cha 287A, unyang'anyi wa kutumia silaha, kinataka silaha au kuwa na wenzake, na juu ya hapo kutumia nguvu au kutishia mtu. Kifungo hakipungui miaka 30. Hiyo ni "na", si "au". Nayo Mahakama ya Rufani katika Kashima Mnadi dhidi ya Jamhuri ilisema hati ya mashtaka ionyeshe nguvu au kitisho dhidi ya mtu aliyenyang'anywa. Hati isemayo "alitumia panga ili kujipatia mali" bila kusema alimtishia nani ina pengo, na pengo hilo ndilo wakili wa utetezi atakalolishika kwenye rufani.

Turudi Kenya, maana utata wenyewe hauko kwenye "au". Unyang'anyi wa kifungu cha 295 tayari unahitaji nguvu au kitisho. Sasa mtu mmoja akimpiga mwenzake kofi na kumpora pochi, amefanya kosa la miaka 14 au la kifo? Maneno yanaruhusu yote mawili. Septemba 2016, katika kesi ya Joseph Kaberia Kahinga na wenzake, Mahakama Kuu ilikubali kwamba vifungu vya 295 hadi 297 havitenganishi ngazi za ukali kwa uwazi ambao Katiba inadai. Haikuviandika upya, ililiachia Bunge. Mpaka leo watu wanashtakiwa kwa 296(2), na kofi lile litahesabiwa miaka 14 au kifo kwa uamuzi wa anayeandika hati, kabla faili halijamfikia hakimu.