Makaa ya mawe ndani ya shaba ya Lubumbashi

Mababa, mamama, na ninyi vijana wa yuniversite, asanteni kwa kuja.

Kila mtoto wa Lubumbashi anajua kwamba mji wake ulizaliwa na shaba. Mimi nataka leo tuzungumze juu ya moto ulioiyeyusha hiyo shaba, na watu waliochimba makaa yake ya mawe. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière, kampani ya migodi ya Wabelgiji, likatoa shaba yake ya kwanza. Mawe ya shaba hayakuhitaji reli, yalikuwa papa hapa Kalukuluku. Kilichokosekana ni koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa ili yatoe moto mkali wa tanuru. Hiyo ilitoka Wankie, ambayo leo ni Hwange nchini Zimbabwe: ikapakiwa kwenye mabehewa, ikavuka mto Zambezi kwenye daraja la Victoria Falls, ikakata nchi ambayo leo ni Zambia, ikaingilia Sakania ndipo ikatufikia. Kwa hiyo wachimbaji wa Wankie ni ndugu zetu wa kazi, hata kama hatukuwaona kwa macho. Tarehe 6 Juni 1972 mgodi wao ulilipuka, watu zaidi ya 400 wakafia chini ya ardhi. Msiba ule ulitakiwa kuliliwa na Lubumbashi pia.

Na sisi wenyewe tuna makaa ya mawe. Yako Luena, huko upande wa Bukama, kwenye njia ya reli. Yana majivu mengi, hayafai kwa koki nzuri, lakini yalichomwa viwandani, kikiwemo kile cha saruji cha Lubudi. Ukiuliza historia ya migodi ya Katanga utatajiwa Kipushi, Likasi, Kolwezi. Luena inarukwa kama stesheni ambayo treni haisimami. Hilo linaniuma, kwa sababu wale watu walivuta vumbi jeusi miaka na miaka ili wengine wapate sifa ya chuma chekundu.

Tuingie sasa kambini, maana historia ya mchimbaji haiko shimoni peke yake. Miaka ya mwanzo watu waliandikwa kazi kwa muda mfupi, wakitoka Rhodesia, Kasai, Maniema, baadaye Ruanda-Urundi, na wengi walikufa kwa magonjwa makambini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ikabadili mpango: mtu aje na mke wake, akae miaka, watoto wazaliwe katika maternité ya kampani na kusoma katika shule zake. Siku ya posho mama anajipanga na kikapu chake, anapimiwa unga, maharagwe, samaki mkavu, mafuta ya ngazi (mawese), chumvi. Ndiyo maana wazee walisema kampani njo baba, njo mama. Walisema kwa shukrani, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Lakini tazameni vizuri: nyumba, chakula, dawa na shule, vyote vilishikwa na mkono mmoja, na mkono huo ungeweza kufunga.

Desemba 1941, bei zimepanda kwa ajili ya vita, wafanyakazi wakagoma wakidai mshahara. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale pamoja na makumi ya wengine. Hawakuwa wakiomba nchi. Waliomba unga utoshe.

Mkono ule ulikuja kufunga kweli, wakati wa Gécamines, kampani ya serikali iliyorithi Union Minière. Shaba ilishuka kutoka tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa, mpango ukaitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, mtu anayedai mishahara ya miezi mingi? Posho ilikwisha, hospitali ikawa ya kulipa, na mamama ndio waliobeba nyumba: wakalima, wakauza unga na makala (makaa ya miti) barabarani. Kazi hiyo haimo katika ripoti yoyote ya uzalishaji.

Ombi langu ni moja. Mwenye mzee aliyefanya kazi Luena, au mama aliyelea watoto katika kambi ile, aje anione kabla hatujatawanyika. Kama kuna kitabu cha kazi, kadi ya posho au picha, tutaipiga picha hapa hapa na kuirudisha mkononi mwake.