Mzee wa eka tatu na mabati yake

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba)

Asalaam aleykum. Bwana Mwenyekiti, mawakili wenzangu, mmenipa nusu saa niseme juu ya kazi ya Mwakilishi, na ya sisi mawakili wakongwe sheria zinapotungwa, na mnanijua. Wa nyuma kaeni vizuri.

Kuna mzee mmoja wa huku kwetu kaskazini, alikuja ofisini kwangu na karatasi. Walionisikia Wete mwaka jana washaijua karatasi hii, nao wavumilie. Kaitoa kwenye mfuko wa plastiki, ule ule uliopigwa marufuku zamani. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeliwa, ukiiinua unaona mwanga upande wa pili. Hati ya eka tatu aliyopewa babaake baada ya Mapinduzi. Babaake kapanda mikarafuu, kafa, na sasa jirani kausogeza mpaka. Nikamuuliza, mzee wangu, umeanzia wapi? Kanambia, kwa Mbunge.

Mnacheka nini? Nyinyi mngeanzia wapi? Jimbo moja, waheshimiwa wawili: Mbunge anakwenda Dodoma, kwenye Bunge la Muungano, Mwakilishi anakwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na picha zao zimebandikwa nguzo moja. Mzee atajuaje kuwa mambo ya Muungano, yale ambayo Bunge linayatungia sheria hadi huku Zanzibar, ni 22 na ardhi haimo? Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 ni ya Baraza la Wawakilishi. Ikiwa na tundu, Mbunge hata akeshe Dodoma hawezi kuliziba. Na mpaka wenyewe si wa Mbunge wala wa Mwakilishi, ni wa Mahakama ya Ardhi!

Mheshimiwa hakumwambia hayo. Kamwambia, "Nitalifikisha." Ikapita miezi minane. Mwezi wa tisa, uchaguzi unanukia, mzee kaletewa mabati ishirini. Kesi hana, mabati anayo, na pahala pa kujenga nyumba ya kuezeka ndipo panapogombewa.

Najua kuna atakayesema: lakini wananchi wenyewe ndio wanaodai mabati, sanda, nauli ya hospitali. Kweli, na mimi nyumba yangu ingevuja ningedai. Ila mabati hata mfanyabiashara wa Mkoani atakupa akitaka jina. Kuipitisha bajeti, kumbana Waziri kwa suali, kukipinga kifungu kibovu, hayo nani mwengine atakufanyia? Hao Wawakilishi tumewachagua hamsini majimboni waende Chukwani, na kumi na nane kati yao wametoka Pemba hii hii.

Sasa sisi mawakili, na nasema na wenzangu wenye mvi, si vijana. Mswada unachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, kamati ya Baraza la Wawakilishi inaita wadau. Tunampeleka mtoto aliyeapishwa juzi, na karatasi moja mkononi. Sisi tuko kwenye baraza za mtaani tunakunywa kahawa. Rais akishatia saini, hapo ndipo sauti zinatutoka.

Na mtu asinijibu kuwa Mwanasheria Mkuu yumo Barazani. Yumo, lakini ni mshauri wa Serikali, na miswada mingi ni ya Serikali hiyo hiyo. Mwakilishi aliyekuwa mwalimu au mvuvi atamuuliza nani? Neno "anaweza" likiwekwa pahala pa "atalazimika", Waziri keshapata mlango wa kutokea, na asiyezoea kusoma sheria hatoliona. Wakili aliyekaa mahakamani miaka thelathini analiona kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo kazi ya ukongwe, si kiti cha mbele kwenye sherehe.

Nilitaka nifike kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kwamba sheria ya Bunge haitumiki hapa ila iwe ya mambo ya Muungano, na Waziri anayehusika aipeleke mbele ya Baraza. Wawakilishi wangapi wameuliza kama imepelekwa, na wakongwe wangapi wamewakumbusha? Basi, basi, Mwenyekiti, nimeiona saa.

Mzee mwenyewe yule pale, safu ya tatu, na kofia yake. Kesi sasa anayo, inatajwa Jumatatu. Mabati yako uani, kanambia yameanza kutu.