Kicheko Chini ya Utawala wa Mabavu

Mabibi na mabwana, karibuni.

Wengi wanapoanza kuandika hadithi kuhusu maisha chini ya udikteta humkimbilia mtawala. Wanampa kitambi, wanampa kigugumizi, wanamfanya zuzu. Msomaji anacheka, anafunga kitabu, na hofu yake haijaguswa. Kicheko chenye uzito katika fasihi hii huzaliwa kwingine: kwenye utaratibu unaofuatwa kwa uaminifu na watu wenye akili timamu.

Chukueni riwaya ya Milan Kundera, Žert (yaani Utani), iliyotoka Chekoslovakia mwaka 1967. Mwanafunzi Ludvik anamwandikia msichana kadi ya posta yenye sentensi tatu za utani. Ya mwisho inamtakia maisha marefu Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi ambaye wakomunisti wa Stalin walimhesabu msaliti. Kadi inafika mikononi mwa Chama cha Kikomunisti kinachotawala. Kikaoni wanamhoji kuhusu maneno yale, alikusudia nini alipoyaandika. Ukiyasikiliza maswali yao, kila moja lina mantiki. Lakini utani ukishadaiwa maana yake, aliyeutania hana pa kutokea: akieleza anakiri, akinyamaza anakiri. Kisha inapigwa kura, na mikono yote inanyooshwa, ya walimu wake na ya marafiki wa karibu. Ludvik anafukuzwa chamani na chuoni, anaishia jeshini akichimba makaa ya mawe. Kundera angewafanya wahoji majitu, angetupunguzia mzigo. Hakufanya hivyo.

Daniil Kharms, mwandishi wa Urusi ya Kisovieti, alifanya kazi hiyo kwa nafasi ndogo zaidi. Katika kisa chake cha miaka ya 1930, kisichojaza hata ukurasa, bibi kizee anachungulia dirishani kwa udadisi uliopita kiasi, anaanguka, anavunjikavunjika. Wa pili anachungulia amwone wa kwanza, naye anaanguka. Wa tatu vilevile. Baada ya wa sita msimulizi anachoka kutazama, anakwenda sokoni, ambako inasemekana kipofu mmoja amepewa shali ya kufumwa.

Idadi hiyo ina kazi yake. Akianguka mmoja ni ajali, wawili ni sadfa. Kufika wa sita msomaji mwenyewe ameshazoea, na hapo ndipo anaponaswa. Iondoe shali, kisa kinageuka maombolezo. Ongeza sentensi moja ya kueleza kwa nini wanaanguka, ubwege wote, ile hali ya mambo kutokea bila maana, unayeyuka. Nimeona miswada mingi ikiharibikia hapo hapo: mwandishi anaogopa hataeleweka, anaweka ufafanuzi. Kosa jingine ni msimulizi kucheka kabla ya msomaji. Lugha ya kisa kama hiki ibaki kavu kama ya kumbukumbu za kikao. Kharms mwenyewe alifia kizuizini Leningrad, mwaka 1942, wakati jiji limezingirwa na watu wanakufa njaa.

Kenya kuna mfano ambapo dola iliingia yenyewe ndani ya riwaya. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986. Wananchi wakawa wanamzungumzia mhusika mkuu, mtu anayezunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ngũgĩ ameeleza kwamba habari hizo zilifika serikalini, ikatoka amri mtu huyo akamatwe. Tazameni mpangilio wake: mazungumzo, taarifa, amri, msako. Kila ofisa ana sababu ya kufanya anachofanya, na mtafutwa hayupo duniani. Polisi walipogundua kwamba Matigari ni mhusika wa kubuni, amri haikufutwa, ilibadilishiwa mlengwa. Mwaka 1987 wakapita kwenye maduka ya vitabu wakizoa nakala.