Jenerali Davis na Kazi ya Kusindikiza

Mabibi na mabwana, ukitaja rubani wa ndege za kivita, watu huuliza kwanza aliangusha ndege ngapi. Kwa Benjamin O. Davis Mdogo, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1912, swali hilo halitufikishi mbali.

Aliingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1932. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake Wazungu hawakumsemesha ila kazi ilipolazimu. Alilala peke yake, akala kimya. Akahitimu wa 35 kati ya 276. Alipoomba urubani alijibiwa kwamba jeshi halina kikosi cha anga cha watu weusi, basi hana pa kwenda. Nembo ya urubani aliipata Machi 1942, huko Tuskegee, Alabama, kwenye kituo kilichofunguliwa kuwafunza marubani weusi.

Mwaka uliofuata, katika Vita vya Pili vya Dunia, akakiongoza kikosi cha 99, cha marubani weusi, Afrika Kaskazini na Sicilia. Hapo ndipo kanali mmoja, William Momyer, alipoandika ripoti kwamba vijana wa Davis hawana ukali wa vita, waondolewe mstari wa mbele. Wakubwa wakaipitisha! Oktoba 1943 Davis akasimama mbele ya kamati ya Wizara ya Vita akajibu bila kupandisha sauti: tulikwenda vitani bila hata rubani mmoja mzoefu wa kutuongoza, na marubani wetu ni wachache kuliko vikosi vingine, hivyo kila mmoja anaruka mara nyingi zaidi. Kwangu mimi, hilo ndilo pambano lake kubwa kuliko yote. Angeshindwa pale, kila kilichofuata kingekufa. Januari 1944, juu ya Anzio huko Italia, kikosi hichohicho kiliangusha ndege zaidi ya 10 kwa siku mbili.

Kisha akapewa kundi la 332 nchini Italia, wale wa mikia myekundu, walioitwa hivyo kwa rangi ya mikia ya ndege zao. Kazi yao ilikuwa kusindikiza ndege za mabomu, kila moja ikiwa na watu wapatao 10. Sasa, rubani kijana akiona ndege ya Mjerumani inatoroka, moyo unamtuma aifukuze, arudi na sifa. Davis alikataza: usiwaache unaowasindikiza. Adui alipenda sana kumvuta mlinzi pembeni ili wenzake wapate mwanya.

Mtasikia ikisemwa kwamba hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu. Si kweli, kumbukumbu za jeshi zinaonyesha 27 ziliangushwa na ndege za adui chini ya ulinzi wao. Lakini idadi hiyo iko chini ya wastani wa makundi mengine ya kusindikiza katika jeshi lao la anga, na sioni kwa nini tuipambe.

Rais Truman alipoamuru mwaka 1948 ubaguzi jeshini ukome, Davis alisaidia kuandaa mpango wa Jeshi la Anga. Mwaka 1953 aliongoza ndege za jeti Korea. 1954 akawa brigedia jenerali, mweusi wa kwanza katika jeshi hilo. 1967 akakabidhiwa Jeshi la Anga la 13, Ufilipino. Alistaafu 1970 na nyota tatu. Ya nne alivishwa na Rais Clinton mwaka 1998, miaka 28 baadaye.