Saa 17 kwa Wiki: Shahada ya Uhandisi kwa Fundi Mwenye Kazi na Familia

Ndugu zangu mafundi, asalaam alaikum, na Bwana asifiwe.

Wengi wenu mna stashahada, mna miaka mingi kazini, na swali mnaloniletea ni lile lile: kusoma shahada ya uhandisi kwa mbali, chuo cha hapa au cha ng'ambo, kwa umri huu nitaweza kweli? Fundi anayetafuta hitilafu kwenye paneli yenye nyaya mia mbili, usiku, msimamizi akiwa amemsimamia kichwani, akili anayo. Kinachowaangusha watu wazima ni hesabu ya saa ambayo hawakuipiga kabla ya kulipa ada. Basi tuipige hapa hapa.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya kufundisha watu walio mbali, inatumia kipimo hicho hicho. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 36, unapata saa 33 kwa wiki. Ukichukua nusu ya mzigo, krediti 60, zinakuwa kama saa 17.

Sasa tazama wiki yako. Ina saa 168. Usingizi wa saa saba kila siku unachukua 49. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ziondoe. Daladala na foleni, saa mbili kwa siku, siku sita: 12. Kula, kuoga, ibada, watoto, wageni na kazi za nyumbani, weka saa tano kwa siku: 35. Jumla 141. Umebakiwa na 27.

Kwa hiyo krediti 120 haziingii, hata ukijibana vipi. Krediti 60 zinaingia, na unabaki na saa kumi za dharura: mtoto akiugua, mashine ikiharibika, msiba ukitokea. Anayekuambia utamaliza miaka minne ukiwa kazini anakuuzia kitu. Shahada ya krediti 480 kwa mwendo huu ni miaka minane, isipokuwa chuo kikusamehe baadhi ya kozi kwa sababu ya stashahada yako. Msamaha huo uombe kwa maandishi kabla ya kujisajili, ukiambatanisha maelezo ya kila kozi uliyosoma, maana jina la kozi peke yake halimtoshi anayeamua.

Mtego mkubwa kuliko yote ni ovataimu. Sheria inaruhusu hadi saa 50 za ziada katika kila wiki nne. Hizo ni saa 12 na nusu kwa wiki. Toa kwenye 27, zinabaki 14 na nusu, na wewe unahitaji 17. Ovataimu inalipa ada, na papo hapo inakula saa ambazo ada hiyo imenunua. Wengi hujaza ovataimu katikati ya mhula kwa sababu ada inadaiwa, kisha wanafeli kozi waliyoilipia, na inabidi wailipie tena. Fanya ovataimu chuo kikiwa kimefunga, uiweke ada ya mhula unaofuata. Mhula ukianza, punguza.

Nawapa mfano wa ratiba. Saa 10 na nusu hadi 12 alfajiri, siku nne: saa 6. Jumamosi (ukienda kazini siku hiyo, zihamishie Jumapili), saa 1 asubuhi hadi 6 mchana: saa 5. Jioni mbili, saa moja na nusu kila moja: 3. Jumapili alasiri: 3. Jumla 17. Anayeamka saa hiyo sharti saa 3 na nusu usiku awe amelala. Alfajiri weka hisabati na maswali mazito. Jioni, baada ya zamu, akili inatosha kuandika ripoti au kusafisha mchoro. Wenye zamu za kuzunguka wasiige ratiba hii. Wapange kwa kila zamu peke yake, na wiki ya zamu ya usiku waipe mzigo mwepesi.

Na saa hizo ni za kalamu na karatasi. Kutazama video ya mwalimu kunakupa hisia ya kuelewa, lakini mtihani hauulizi hisia. Kwa kila saa ya mhadhara, fanya saa mbili hadi tatu za maswali, ukiwa umefunika majibu. Kazi yako ya kila siku ikusaidie. Wewe umefunga staa-delta mara nyingi, yaani kuwasha mota koili zikiwa zimeunganishwa kwa staa kisha kuzihamishia kwenye delta, na unajua inapunguza mkondo wa kuanzia. Kaa uthibitishe kwa nini. Kwenye volti 400, koili moja ikiwa staa inapata 400 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani volti 231. Mkondo wa koili unashuka kwa uwiano huo huo, na wa laini unashuka hadi theluthi moja ya ule wa kuanzia moja kwa moja kwenye delta. Nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi, ndiyo maana mota yenye mzigo mzito tangu mwanzo hushindwa kuanza. Ukiona hisabati ikieleza kitu ambacho mkono wako unakijua, haitoki tena kichwani.

Hisabati ndiyo mlango. Anayerudi baada ya miaka kumi kwa kawaida hakwami kwenye kalkulasi yenyewe, anakwama kwenye aljebra na trigonometria zilizo ndani yake: kupanga upya fomula, sehemu, logi, saini na kosaini. Tenga miezi mitatu kabla ya mhula wa kwanza kuzifufua hizo, kisha namba changamano na matriksi. Nasisitiza kwa sababu kozi za uhandisi zimefungana. Hisabati ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inafungua mifumo ya udhibiti. Na kozi nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukilazimika kupunguza mzigo, acha kozi isiyofungua nyingine. Ukiiacha ile ya hisabati, umejiongezea mwaka mzima.

Nyumbani, usiombe msaada kwa ujumla. Kaa na mwenzako, wekeni ratiba mezani, mkubaliane nani anapika jioni zile mbili, nani anasimamia daftari za watoto, na saa zipi ni za familia ambazo wewe hutazigusa. Kwenye ukoo, msiba nenda. Kikao cha harusi, tuma mchango na salamu. Dada zetu wanaosoma wanabeba zaidi, na hapa nasema wazi: zile siku 84 za likizo ya uzazi ni za kupona na kulea. Mhula huo ahirisha kwa barua. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha.

Likizo ya mwaka ni siku 28, lakini mwajiri ndiye anayepanga zichukuliwe lini. Ratiba ya mitihani ikitoka tu, siku hiyo hiyo andika barua.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Kwanza, shahada hiyo itatambuliwa na TCU na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Bodi imeundwa kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997 na ndiyo inayosajili wahandisi. Marekani kuna shahada za uhandisi na shahada za teknolojia ya uhandisi. ABET, shirika la huko linalokagua ubora wa programu hizo, inazikagua kwa kamisheni mbili tofauti, nawe unaweza kumaliza miaka yote ukakuta umesoma ya teknolojia, siyo ya uhandisi. Pili, maabara ziko wapi? Chuo Kikuu cha North Dakota kinafundisha uhandisi kwa mbali, lakini baadhi ya maabara hufanyika chuoni wakati wa kiangazi chao. Nauli na viza ni sehemu ya ada. Tatu, programu gani zinatakiwa? Octave ni ya bure na inafanya mengi ya MATLAB, programu ya hesabu za uhandisi, lakini Simulink, sehemu ya MATLAB ya kuiga mifumo kwa michoro, haimo. Programu nyingi za kuchora zinataka Windows na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 kwenda juu. Simu haitoshi.

Saa za ng'ambo nazo zina madhara. Kipindi cha saa 1 jioni London kwetu ni saa 4 usiku wakati wa baridi yao, na saa 3 usiku wakati wa kiangazi. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Kazi inayofungwa kupokelewa saa 6 mchana kwao, kwako ni saa 9 au saa 8 alasiri, uko kazini. Itume usiku uliotangulia.

Umeme ukikatika, rauta ya wati 12 inahitaji betri ndogo tu. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Tumia nusu ili isife mapema: 42 gawa kwa 12, saa tatu na nusu. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na ncha chanya. Siku ya mtihani unaosimamiwa kwa kamera, funga mlango kwa ufunguo na mpeleke mtoto kwa bibi, kwa sababu mtu akiingia tu chumbani mtihani unaweza kusimamishwa. Laini ya pili, ya mtandao mwingine, iwe na bando kwenye simu. Ukikatika hata hivyo, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, na umwandikie msimamizi wa kozi siku hiyo hiyo, kabla hujalala.