Chupa ya Lita Moja: Jimbo la Michigan Lilivyopima Maji ya Flint

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie wajibu wa mdhibiti wa mazingira pale maji ya kunywa yanapochafuka. Mada ni pana mno kwa kikao kimoja, kwa hiyo nitapita mlango mmoja tu: chupa ya plastiki ya lita moja, ile inayokingiwa maji kwenye koki ya jikoni na kupelekwa maabara.

Kwanza, nani ana mamlaka gani? Marekani ilipitisha sheria yake ya maji salama ya kunywa mwaka 1974. Viwango vinawekwa na shirika la shirikisho la mazingira, EPA, lakini usimamizi wa kila siku umekabidhiwa majimbo. Karibu yote yameupokea, Wyoming haimo. Kwa hiyo mkazi wa Flint, Michigan, akilalamika kwamba maji yake yana rangi ya kutu, anayepaswa kumjibu kwanza ni idara ya mazingira ya jimbo. EPA iko nyuma yake, inaangalia. Mpangilio huu una mantiki, ila una mwanya pia: kila mmoja anaweza kukaa akimsubiri mwenzake.

Tarehe 25 Aprili 2014, Flint iliacha kununua maji ya Detroit yatokayo Ziwa Huron, ikaanza kusafisha na kunywa maji ya mto wake. Ilikuwa njia ya kubana matumizi, na mji wakati huo uliendeshwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana. Maji ya Detroit yalikuwa yakitiwa fosfati, ambayo hujenga utando ndani ya bomba na kuyazuia madini ya sumu ya risasi yasiingie kwenye maji. Maji ya mto hayakutiwa kitu cha namna hiyo. Miji mikubwa inatakiwa na kanuni ya shirikisho ya mwaka 1991 kuzuia maji yasiyale mabomba, lakini idara ya jimbo ilisema tupime kwanza, vipindi viwili vya miezi sita, kisha tuamue. Watu wapatao 100,000 wakaachwa wanywe huku wakipimwa.

Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kilijitoa kwenye maji hayo kwa sababu yalikuwa yakila vyuma. Wananchi waliendelea kuambiwa yanafaa.

Sasa turudi kwenye chupa. Risasi haitoki mtoni. Inatoka kwenye bomba linalounganisha nyumba na bomba kuu la mtaani, na kwenye viungio vya ndani. Ndiyo maana kanuni inataka maji yalale bombani angalau saa sita, halafu ikingwe lita ya kwanza kabisa, bila kumwaga kwanza. Karatasi ya maelekezo waliyopewa wakazi wa Flint iliongeza jambo moja dogo: usiku kabla ya kulala, fungua koki ya maji baridi yatiririke dakika 5. Ukifanya hivyo unasafisha chembe zilizokusanyika, na asubuhi chupa inapokea maji yenye sura nzuri kuliko yale ambayo mtoto hunywa siku zote. Ni kama kumpima mgonjwa homa baada ya kumwogesha maji baridi. Kanuni ya wakati ule haikulikataza hilo waziwazi, na maofisa wa jimbo waliushikilia ukimya huo. Ni Februari 2016, baada ya madhara, EPA ilipowashauri wadhibiti waache mtindo huo, na watumie chupa zenye mdomo mpana.

Kipimo kilihesabiwaje? Kwa kanuni ya wakati ule, zaidi ya asilimia 10 ya sampuli zikipita mikrogramu 15 za risasi kwa lita, mji ulilazimika kuchukua hatua na kuwaarifu wakazi. Katika nusu ya kwanza ya 2015 zilikusanywa sampuli 71. Mbili zikaondolewa, na hesabu ikashuka chini ya mstari. Moja ya hizo mbili ilisoma 104. Sababu iliyotolewa ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa na chujio. Hebu fikirini: maji yamepita kwenye chujio, bado yanasoma 104, na chujio hilohilo ndilo linalofanya yasihesabiwe!

Kwa hiyo ukweli ulipitia njia za pembeni. Mtaalamu wa EPA, Miguel Del Toral, aliandika tahadhari ya ndani Juni 2015. Timu ya Marc Edwards, mhandisi wa chuo kikuu cha Virginia Tech, ilipima nyumba kwa nyumba. Septemba, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alionyesha kwamba risasi imepanda katika damu ya watoto. Jimbo lilimbishia, kisha likakubali. Tarehe 16 Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit, ila utando wa mabomba ulikuwa umeshaharibika na haurudi kwa siku moja. Kamati iliyoundwa na gavana mwenyewe ilisema Machi 2016 kwamba lawama kuu ni ya idara ya mazingira ya jimbo.

Mwaka 2018 Michigan iliandika kanuni kali kuliko ya shirikisho. Penye bomba la risasi inakingwa lita ya kwanza na ya tano pia, kwa sababu ya tano ndiyo hukaribia kuwa imelala ndani ya bomba lenyewe. Kinachohesabiwa ni kile kipimo kikubwa. Nakiona kifungu hicho kuwa na thamani kuliko hotuba zote za kuomba radhi.

Lakini kupima vizuri hakutoshi. Mwaka huohuo, Benton Harbor, mji mwingine wa Michigan, ulisoma mikrogramu 22 kwa lita. Safari hii namba haikufichwa. Ilirudiwa kipindi baada ya kipindi, miaka 3, na mabomba yakabaki ardhini. Septemba 2021 wananchi na mashirika walipeleka ombi EPA. Mwezi uliofuata gavana akaagiza mabomba yote ya risasi yabadilishwe ndani ya miezi 18. Kazi ikaisha kabla ya muda. Uwezo ulikuwepo muda wote. Ofisa wa maji akija na jedwali lake la vipimo, muulizeni tarehe ambayo mafundi wataanza kuchimba.