Nyama Inaoza, Kesi Inabaki: Kazi ya Askari Wanyamapori na Maafisa Uvuvi Nyanda za Juu Kusini

ATUPELE: Haya, karibuni tena. Mimi Atupele, nipo na kaka Kihwele, tupo hapa Mbeya na baridi yetu. Leo ni kazi ya kila siku ya askari wanyamapori na maafisa uvuvi, kuanzia bwawa la Mtera mpaka Ziwa Nyasa kule Kyela. Kaka, mtu akisikia doria anawaza bunduki na kukimbizana.

KIHWELE: Kukimbizana kupo, dada, ila huwa ni dakika chache. Kinachomtia mtu hatiani au kumwachia huru ni yale yanayofanyika saa mbili tatu baada ya kumkamata. Kesi nyingi zinafia hapo, mtuhumiwa akiwa ameshakaa chini ya mti na pingu zake.

ATUPELE: Tutafika huko. Kwanza tuwekane sawa nani ni nani, maana wananchi wanawaita wote "maliasili".

KIHWELE: Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mapori ya akiba na mapori tengefu ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kwenye maeneo ya jumuiya, kama MBOMIPA kule Idodi na Pawaga, wapo askari wa wanyamapori wa vijiji, VGS, ambao wengi hupitia chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Majini ni afisa uvuvi wa halmashauri na BMU, vile vikundi vya wavuvi wenyewe vya kusimamia rasilimali.

ATUPELE: Basi tuingie porini. Doria ya mitego ya waya inaanzia wapi?

KIHWELE: Inaanzia kwenye maji. Mto Ruaha Mkuu ulikauka kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na tangu hapo kiangazi maji hubaki kwenye madimbwi machache. Wanyama wote wanakwenda hapohapo, na mtegaji analijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo askari hawatembei ovyo. Wanajipanga mstari, mtu na mwenzake wakionana, wanafuata mapito yanayoshuka dimbwini.

ATUPELE: Macho yanatafuta nini? Maana waya hauonekani.

KIHWELE: Unatafuta uzio. Mtegaji anakata matawi ya miiba, anaziba pito, anaacha upenyo mmoja. Kitanzi kinakaa kwenye ule upenyo. Tawi lililokatwa kwa panga lina mkato wa mshazari. Tembo akivunja, linachanika. Na waya wenyewe ukiuona mweusi, jua umechomwa moto makusudi, usimetemete na usinuke mkono wa mtu. Nyingi ni nyaya za ndani ya matairi ya magari au kebo za breki.

ATUPELE: Ukishaupata unaukata unaondoka?

KIHWELE: Ukiulegeza tu na kuutupa, kesho umerudishwa. Kwanza unapiga picha ukiwa bado umetegwa, unachukua alama ya GPS, ndipo unaukata na kuubeba. Idadi inaandikwa kwa eneo, maana ile ramani ndiyo inayowaambia wiki ijayo waende wapi. Mtego ukiwa mpya, majani ya uzio bado mabichi, kiongozi anaweza kuamua usiguswe. Wanalala hapo wanamsubiri mwenyewe.

ATUPELE: Na mnyama akiwa amenasa, yu hai?

KIHWELE: Anaitwa daktari wa wanyamapori. Ukikata waya upande wa mti tu, mnyama anaondoka na kitanzi shingoni, kinazidi kuingia kwenye nyama na kidonda kinamuua polepole. Na nyati aliyenaswa usimsogelee kabisa, ule mti aliofungiwa unaweza kung'oka.

ATUPELE: Twende majini. Malalamiko makubwa ya wavuvi ni vipimo. Leo afisa anasema wavu halali, kesho mwingine anasema haramu. Wavu uleule!

KIHWELE: Na mara nyingine mvuvi ana haki ya kulalamika. Kuna maafisa wanaopima kwa macho. Wavu unapimwa ukiwa umevutwa. Unashika jicho, unalivuta mpaka lifumbe, unapima kutoka fundo la juu hadi fundo la chini. Mtu mwingine anapima upande mmoja tu wa jicho, wavu wa inchi 3 anausoma inchi moja na nusu, ugomvi unaanzia hapo.

ATUPELE: Jicho moja linatosha?

KIHWELE: Halitoshi. Vuta macho 10 kwa pamoja kwenye mstari mmoja, pima, gawa kwa 10. Macho 10 ya inchi 3 yatoe sentimita 76 na kidogo. Ukipata 68, wavu huo ni wa kama inchi 2.7, hata kama pakiti yake dukani iliandikwa 3. Pima ukiwa umelowa, pima sehemu tatu, na ukae mbali na kamba ya maboya na kamba ya uzito, maana pembezoni macho hufumwa tofauti. Kisha angalia viungo. Wapo wanaoshona kipande cha macho madogo katikati ya wavu halali. Kila kipande kipimwe peke yake na kiandikwe peke yake.

ATUPELE: Na zile za uzi mmoja wa plastiki, zinazong'aa?

KIHWELE: Hizo hupimi kitu. Zimekatazwa na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, hata jicho likiwa kubwa. Makokoro vilevile. Hapo kazi ni kuandika urefu, rangi, umekutwa wapi, ukiwa mikononi mwa nani. Ukiukuta umetegwa majini bila mwenyewe, huna mtuhumiwa. Una wavu tu.

ATUPELE: Ndiyo hizo zinachomwa moto ufukweni, kamera zinawaka, viongozi wamesimama...

KIHWELE: Ikiwa mahakama imeamuru, sawa. Ukichoma kabla ya amri, umechoma ushahidi wako mwenyewe. Wakili atauliza swali moja tu: wavu uko wapi?

ATUPELE: Boti yenyewe ikoje? Ziwa Nyasa lina mawimbi ya kutisha upepo wa kusi ukikaza.

KIHWELE: Mafuta yanagawanywa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba lisiloguswa. Plagi za ziada, pini ya propela, kisu kikali kwa ajili ya wavu utakaojizungusha kwenye propela, maana hilo litatokea tu. Wakati wa kuopoa wavu injini inazimwa, mnavuta kutoka mbele ya boti, na hakuna kujiviringishia kamba mkononi. Wimbi likiipandisha boti na kamba iko kwenye kiganja, vidole vinaondoka. Na mahali mnakokwenda patajwe boti ikishaondoka ufukweni. BMU ni watu wa kijiji kilekile. Simu moja inatosha mkute maji matupu.

ATUPELE: Hapo umesema kweli yote. Nikuulize la samaki mbasa. Masika mbasa anapanda mito, Kiwira, Lufilyo, kwenda kutaga. Wenyeji wanajua siku zake.

KIHWELE: Ndiyo maana doria ya masika inahama kutoka ziwani kwenda midomoni mwa mito. Mtu akiziba mto ukingo hadi ukingo kwa uzio na migono, ile mitego ya kusukwa, anavua wazazi wote kabla hawajataga, tena kwa usiku mmoja. Na mito midogo ya juu kuna utupa, mmea wenye sumu ya samaki. Majani yanatwangwa, yanamwagwa kwenye kidimbwi, samaki wanaelea wakihema juu juu, wadogo kwa wakubwa. Ukiona hivyo usikimbilie kuokota samaki. Chukua maji kwanza, chupa ya giza, iwekwe kwenye baridi, kwa sababu sumu ya utupa inavunjwavunjwa na jua na joto. Chupa ya maji ya kunywa inayopitisha mwanga, ikasafiri kutwa nzima juu ya dashibodi, itafika maabara haina kitu.

ATUPELE: Sasa ile sehemu uliyoiahidi. Mtu amekamatwa na nyama ya swala pala kwenye kiroba. Kunafuata nini?

KIHWELE: Hati ya ukamataji, palepale. Siyo kituoni, siyo kesho. Inaandikwa kitu kwa kitu: kiroba kimoja cheupe, vipande vingapi, mguu mmoja wa nyuma wenye kwato na ngozi, kisu kimoja chenye mpini wa mti. Anasaini aliyekamatwa, anasaini shahidi, anasaini askari. Asiyejua kusoma anasomewa, anaweka dole gumba. Kule Usangu unaweza kumkamata mtu Kiswahili kinampiga chenga, anajua Kisukuma tu. Usipoandika nani alimtafsiria, atasema mahakamani hakujua alichosaini, na hakimu anaweza kumwamini.

ATUPELE: Shahidi porini unamtoa wapi?

KIHWELE: Ndani kabisa ya hifadhi, kilomita 40 kutoka kijiji cha karibu, mahakama inaelewa. Nyumbani kwa mtu haielewi. Ukiingia kupekua nyumba bila hati ya upekuzi, awepo shahidi huru, mwenyekiti wa kitongoji au jirani. Askari mwenzako siyo shahidi huru. Baada ya hapo unahesabu saa: mtuhumiwa anapaswa kuandikwa maelezo ndani ya saa nne tangu akamatwe. Muda wa safari hautiwi kwenye hizo saa, ila ni lazima uoneshe ulitoka wapi saa ngapi, ukafika Rujewa saa ngapi, gari liliharibika wapi. Kama hukuandika, kwa mahakama hiyo safari haikuwepo.

ATUPELE: Wakati huo nyama inaanza kunuka.

KIHWELE: Ndiyo shida yenyewe. Nyama na samaki havisubiri kesi. Inabidi hakimu aamuru viteketezwe au vitolewe, na hapo Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu wengi. Mwongozo wa jeshi la polisi unataka kielelezo kinachooza kipelekwe mbele ya hakimu pamoja na mtuhumiwa, na kipigwe picha inapowezekana. Mtuhumiwa akione, aulizwe ana la kusema, jibu lake liandikwe kwenye fomu ya uteketezaji. Askari anafanya nini? Anamwacha mtu mahabusu, anabeba fomu na kiroba, anapata saini ya hakimu, anazika nyama. Miezi minane baadaye ile fomu inaondolewa kwenye ushahidi. Nyama haipo, fomu haipo. Umebaki na nini?

ATUPELE: Na kosa lilikuwa ni kutomsogeza mtu kutoka mahabusu mpaka mbele ya hakimu.

KIHWELE: Mara nyingine ni jengo la pili tu. Kwa samaki ongeza mzani: wapimwe mtuhumiwa akiona, kilo ziandikwe kabla ya barafu kuwekwa. Joto la Kyela linataka barafu kilo kwa kilo na samaki, la sivyo mchana huohuo wameharibika na hakuna hospitali wala shule itakayowapokea.

ATUPELE: Wakili anapenda kuuliza, "Ulijuaje ni swala na siyo mbuzi?"

KIHWELE: Na ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana kwato, ngozi, pembe, kichwa havitupwi porini ili kupunguza mzigo. Mthamini, yaani ofisa anayetambua nyama na kuipa thamani, aseme ametambua kwa alama gani: rangi ya manyoya, umbo la kwato. Kimoro, ile nyama iliyokaushwa, ndicho kigumu; hakina ngozi, kwa hiyo sampuli inakwenda maabara ikiwa imefungwa na kusainiwa. Halafu thamani haihesabiwi kwa kilo, inahesabiwa kwa mnyama. Ukikutwa na mguu, umeua mnyama mzima. Hati nyingi za mashtaka zimemweka swala pala dola 390, nyati dola 1,900, tembo dola 15,000, zikabadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Faini ya nyara, yaani sehemu yoyote ya mnyamapori, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inaweza kuanzia mara kumi ya thamani, au kifungo cha miaka 20 kwenda juu. Kwa uzito huo, hati ya kuthamini nyara isijazwe na kila mwenye sare. Sheria inamtaja anayeruhusiwa, na cheo kikikosewa hati inatupwa.

ATUPELE: Watu wanasahau kwamba na mimea imo. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu bado wanachimba chikande, vile viazi vya okidi vinavyovukishwa Tunduma kwenda Zambia.

KIHWELE: Mmea mmoja una viazi viwili, cha zamani na kichanga. Mchimbaji anataka kichanga, na hicho ndicho kingeotesha mmea wa mwaka unaofuata. Askari anachotafuta Kitulo ni mashimo madogo na mabua yaliyolazwa. Barabarani anatafuta magunia.

ATUPELE: La mwisho, la msikilizaji anayefanya biashara ya samaki kutoka Mtera kuja Iringa mjini. Anasimamishwa kizuizini, wanataka kushusha tenga zote.

KIHWELE: Awe na leseni yake na kibali cha kusafirisha samaki, kilo za kwenye kibali zilingane na kilo za kwenye gari. Wakichukua hata tenga moja, aombe hati ya ukamataji yenye uzito, jina na saini ya aliyechukua. Wakikataa kuandika, apige picha ya tenga na namba ya gari lao, kisha aende kwa afisa uvuvi wa wilaya siku hiyohiyo, samaki hao hawajauzwa.

ATUPELE: Tunaishia hapo. Wiki ijayo ni tembo kwenye mashamba ya mpunga, na fomu za kifuta jasho zinavyojazwa.